UZI: Oman, mafuta yaliuondoa Uimamu wa Nizwa halafu pesa zake zikausimamisha Usultani tunaouona leo

#1 Mkunazini_Kwetu

Wakuu, assalaam alaykum na habari za saa hizi kwa wote.

Kila ikitajwa nchi ya Ghuba humu jibu ni moja tu, walichimba mafuta, wakatajirika, wakajenga misikiti, basi. Kwa Oman mambo hayakwenda hivo kabisa na sisi wa huku ndo tulitakiwa tuijue hii habari kuliko mtu mwingine yeyote, maana ukoo wa masultani uliokaa Forodhani Unguja mpaka Januari 1964 na ukoo unaokaa Maskati leo ni mbegu moja, wote wametoka kwa Sayyid Said bin Sultan, na nani humu wa Unguja au Pemba hana shangazi au mjomba kule. Nitaandika kwa vipande, mwenye swali aulize, ila kwenye madhehebu tuheshimiane tafadhali.

Hoja yangu naiweka juu kabisa ili mtu asije akasoma mpaka mwisho akaniuliza nasemaje. Oman mafuta na dini havikuanza kama marafiki. Mafuta ndo yaliyopeleka jeshi Nizwa likaung'oa Uimamu, ule utawala wa kiongozi anayechaguliwa na maulamaa. Halafu pesa za mafuta hayohayo zikamwezesha Sultani kuzichukua kazi zote alizokua anafanya Imamu, kujenga misikiti, kulipa makadhi, kuhudumia maskini, kasoro moja tu, kuchaguliwa na kuondolewa. Ukiishika hiyo utaelewa Oman ya leo yote, mpaka habari ya kodi inayokuja 2028.

Sasa tuanze. Madhehebu yaliyoijenga Oman ni Ibadhi, siyo Sunni siyo Shia. Kwa Ibadhi mkuu wa Waislamu ni Imamu na hapatikani kwa kuzaliwa nyumba fulani, maulamaa na wakubwa wa makabila wanakaa wanamchagua mtu wa elimu na uchamungu, wanampa baia, yaani kiapo cha utii, na akidhulumu wana haki ya kumuondoa. Msidhani ni mambo ya vitabuni tu, kitu hiki kimefanya kazi Oman toka karne ya 8, kinakatika kinarudi, kinakatika kinarudi. Hata Ahmad bin Said, babu wa Albusaidi wote, ndo ukoo huo wa masultani, katikati ya karne ya 18 alishika Uimamu. Kizazi chake ndo kikaachana na cheo hicho, wakawa masayyid, baadae masultani, wakashuka pwani kwenye meli na biashara mpaka huku kwetu kwenye karafuu.

Sayyid Said alipokufa 1856 watoto wakagombana, na 1861 Mwingereza akakata shauri, Unguja kivyake, Maskati kivyake, na kwa kua Unguja ndo ilikua na mali ikaamuliwa iwe inaipa Maskati reale 40,000 kila mwaka. Someni hiyo tena. Wakati ule tajiri alikua Unguja, Maskati ndo ilikua inategemea posho.

Oman yenyewe nayo ikapasuka. Pwani Sultani, bandari, ushuru wa forodha na Mwingereza pembeni yake. Bara nyuma ya milima, Nizwa, Imamu. Uimamu ulifufuliwa 1913 na mwaka 1920 wakawekeana makubaliano pale Seeb, Sultani asiingilie mambo ya bara na wa bara wasiishambulie pwani. Imamu Muhammad bin Abdullah Al Khalili akakaa toka 1920 mpaka kufa kwake 1954, miaka 34 akihukumu kwa sharia na kukusanya zaka, na nchi yake haina kisima hata kimoja cha mafuta.

Naenda kuswali narudi.

#2 Dereva_wa_Masafa

Aisee mkuu shusha nondo, nimeweka kambi hapa. Hiyo ya Unguja kuilipa Maskati ndo naisikia leo.

#3 Mkunazini_Kwetu

Tuendelee.

1937 Sultani Said bin Taimur alisaini mkataba na Iraq Petroleum Company wa kutafuta mafuta kwenye nchi yote, na huku bara amri yake haifiki. Kampuni ikawa na karatasi ya Sultani ila mawe yanayoonekana yana mafuta yako Fahud, jangwani nyuma ya milima, mtu hafiki kule bila ya idhini ya makabila yaliyokua yanamtambua Imamu. Kampuni ikafanya nini? Ikagharamia jeshi. Yaani kikosi kizima, Muscat and Oman Field Force, kwa pesa za kampuni ya mafuta. Februari 1954 wakashuka Duqm kwa baharini, na kabla mwaka haujaisha walikua wameshafika Fahud.

Katikati ya safari hiyo, Mei 1954, mzee Al Khalili akafariki. Maulamaa wakamchagua Ghalib bin Ali Al Hinai na huyu hakukubali, akasema makubaliano ya Seeb yamevunjwa, akataka Uimamu uingie Umoja wa Nchi za Kiarabu kama nchi kamili. Saudia ikamuunga mkono, na Saudia wakati huo yenyewe ilikua inagombania chemchem za Buraimi kwa sababu ileile ya mafuta, kwahiyo msidhani ilikua mapenzi ya kidini, Ibadhi na Wahabi tangu lini. Desemba 1955 jeshi la Sultani likaingia Nizwa bila vita kubwa na Said bin Taimur mwenyewe akatoka Salalah, mji wa pwani ya kusini, na msafara wa magari akakata jangwa mpaka Nizwa kuonyesha kwamba nchi sasa ni moja na mwenyewe ni yeye.

Haikuishia hapo. 1957 Talib, nduguye Ghalib, akarudi na wapiganaji kutoka Saudia, bara ikawaka tena. Ndege za Kiingereza zikapiga mabomu, kijiji cha Tanuf karibu na Nizwa magofu yake yapo mpaka leo, watalii wanapelekwa kupiga picha. Januari 1959 askari wa SAS, kikosi maalumu cha Uingereza, wakapanda mlima wa Jabal Akhdar usiku na ndo ukawa mwisho. Imamu Ghalib akakimbilia Saudia, akaishi uhamishoni miaka 50 na akafa hukohuko 2009.

Sasa sikilizeni kitu kinachoniuma mimi nikisoma habari hii. Kisima cha kwanza cha Fahud, kilichochimbwa 1956, kilikua kikavu! Watu wamekufa, Uimamu umeanguka, kisima hakina kitu. 1960 wenye hisa wengi wakajitoa wakabaki Shell na Partex ya Gulbenkian. Hao waliobaki wakapata Yibal 1962, Natih 1963, na 1964 wakarudi palepale Fahud wakayapata, kile kisima cha mwanzo kiliyakosa kwa mita mia kadhaa tu. Meli ya kwanza ya mafuta ghafi iliondoka bandari ya Mina al Fahal tarehe 27 Julai 1967.

#4 Dereva_wa_Masafa

Mkuu sasa kuanzia 1967 pesa ziliingia, huyo Said bin Taimur alizifanyia nini? Maana nasikia mpaka 1970 Oman ilikua hoi.

#5 Mkunazini_Kwetu

Swali zuri sana mkuu. Alizifungia. Mzee yule alirithi nchi yenye madeni, akaapa hatodaiwa tena, 1958 akaiuza Gwadar kwa Pakistan kwa pauni milioni 3, na mwaka huohuo akahamia Salalah asirudi tena Maskati. Pesa za mafuta zilipoanza kuingia akawa anazitumia kwa jicho la mtu anayeogopa njaa. Nchi nzima shule 3, barabara ya lami kama kilomita 10 hivi, milango ya mji wa Maskati inafungwa usiku na ukitembea baada ya hapo lazima ubebe taa. Watoto wa Oman wakawa wanakimbilia Kuwait, Bahrain, Misri, kusoma na kutafuta kibarua.

Dhofar, jimbo la kusini lenye Salalah, wakaasi 1965 na vuguvugu likageuka la Kimaksi, wakisaidiwa na Yemen Kusini. Tarehe 23 Julai 1970 mwanawe Qaboos akampindua pale Salalah, Waingereza wakiwa nyuma ya jambo hilo, mzee akapelekwa London akafa 1972.

Vita ya Dhofar ndo pahala pa kwanza unapoona dini na mafuta vimefungwa pamoja mikononi mwa serikali. Silaha na ndege zililipwa na mafuta, Iran ya Shah na Jordan wakaleta askari, lakini maneno yalikua ya dini, kwamba hawa wakomunisti wanapiga vita Uislamu, anayerudi anasamehewa na anapewa bunduki apigane upande wetu. Kila eneo likishatulizwa serikali inapeleka vitu vilevile kwa pamoja, kisima cha maji, kliniki, shule, duka na msikiti. Mfugaji wa ngamia aliyekua hajawahi kuona serikali anaiona siku moja kwa sura hizo tano. Desemba 1975 ikatangazwa vita imekwisha.

Mtindo ule wa Dhofar ndo ukasambazwa nchi nzima. 1974 serikali ikachukua asilimia 60 ya kampuni ya mafuta, PDO, Shell ikabaki na 34, na kuanzia hapo hospitali, barabara, umeme, mishahara ya serikalini, posho za masheikh wa makabila, vyote chanzo chake kimoja. Mwananchi hatozwi kodi ya mshahara. Na zingatieni Oman siyo Saudia wala Kuwait, uzalishaji wake ni kama mapipa milioni 1 kwa siku ukiwa umefanya vizuri, tena mafuta mazito maeneo mengine mpaka uyapigie mvuke ardhini ndo yapande. Kwahiyo pesa ilikuepo ila siyo ya kuchezea.

#6 Bint_Ruwi

Shikamooni wakubwa, na wadogo marahaba. Nawasoma nikiwa Maskati na nimezaliwa hukuhuku, wazee wangu walitoka Unguja.

Kaka Mkunazini umeruka kitu na hicho ndo chetu. 1970 Sultani Qaboos alipowaita Waomani wa nje warudi wajenge nchi, nani alikua amesoma? Wa bara walikua hawana shule. Waliosoma walikua watu wa Zanzibar. Wakaja na Kiingereza chao, wakaingia wizarani, hospitali, polisi, mashuleni na PDO, kina mama zetu wakawa walimu na manesi na masekretari wakati mwanamke wa bara ya Oman kufanya kazi ofisini hakujazoeleka. Marehemu bibi alikua akisema maofisini asubuhi utadhani uko Darajani, Kiswahili kitupu. Lakini haikua asali tupu, wengi Kiarabu kilikua kizito mdomoni na mpaka umri mkubwa mtu anaambiwa wewe Mzanzibari, siyo Mwarabu wa kweli, hata kama ana jina la kabila na bataka, kitambulisho cha Oman, mfukoni.

Na kwenye dini pia yumo wa kwetu. Mufti Mkuu wa Oman, Sheikh Ahmed bin Hamad Al Khalili, kazaliwa Zanzibar 1942, karudi Oman baada ya mapinduzi ya 1964, na kashika umufti toka 1975 mpaka hii leo ninavoandika.

#7 Mkunazini_Kwetu

Dada yangu ahsante sana, hilo la Mufti umenirahisishia kazi maana ndo nilikua naelekea huko.

Qaboos hakujiita Imamu hata siku moja. Alichofanya ni kuigawa kazi ya Imamu ikawa idara za serikali. Fatwa zikawa za Mufti na Mufti anateuliwa na Sultani. Misikiti, wakfu na zaka zikaenda Wizara ya Wakfu na Mambo ya Dini. Makadhi wakawa waajiriwa wenye mshahara. Khutba ya Ijumaa ikawa inaandikwa wizarani inasomwa ileile toka Musandam mpaka Salalah, na ni mwiko khatibu kutukana madhehebu ya mwingine. Mimi hapa nawapa haki yao, Ibadhi, Sunni na Shia wanaswali msikiti mmoja bila mtu kumuangalia mwenzake mikono ameifunga au ameiachia, na hiyo kwa Ghuba ya leo ni neema kubwa.

Halafu ukaja ule msikiti. Jamii Kubwa ya Sultan Qaboos pale Maskati, jamii yaani msikiti mkuu wa Ijumaa, ilifunguliwa Mei 2001, inachukua watu kama 20,000, zulia lake limefumwa na wanawake wa Iran lina uzito wa tani 21, na taa ya katikati ina urefu wa mita 14. Na karibu kila mji mkubwa una jamii yenye jina la Sultani, Nizwa nayo imo. Fikirini jambo hilo kwa utulivu, mji wa Maimamu, kiti cha watu waliokua wanachaguana chini ya mtende, msikiti wake mkubwa wa leo unaitwa kwa jina la mtoto wa yule aliyewashinda.

Sheria Mama ya 1996, ndo katiba yao, nayo ikafunga mlango vizuri. Dini ya dola ni Uislamu, sharia ndo msingi wa kutunga sheria, utawala ni wa kisultani na unarithiwa na wanaume wa kizazi cha Turki bin Said, na Sultani lazima awe Mwislamu mwenye akili timamu, mtoto halali wa wazazi Waislamu wa Oman. Kwenye Uimamu elimu na uadilifu ndo vilikua sharti la kwanza na nasaba haikua sharti, hapa nasaba ndo imetangulia.

Na kwa sisi wa Unguja hicho kifungu kina maana ya pekee. Turki alikua mtoto wa Sayyid Said kama walivyokua Majid na Barghash waliotawala Unguja. Kwa kuandikwa Turki tu, tawi lote la Zanzibar limetolewa kwenye urithi. Sultani wetu wa mwisho, Jamshid bin Abdullah, aliishi Uingereza toka 1964, familia yake ikaruhusiwa kuishi Oman yeye akawa hakubaliwi mpaka Septemba 2020, ameshakua mzee, na akafariki Maskati Desemba 2024.

#8 Mjukuu_wa_Kisauni

Salaam kutoka Mombasa. Mzee wangu uzi huu ni mtamu lakini nataka kuuliza, je si ni yaleyale ya Saudia tu? Mfalme na mashekhe na mafuta, tofauti iko wapi?

#9 Mkunazini_Kwetu

Tofauti iko kwenye nani alitangulia, ndugu yangu. Saudia wale Al Saud na Sheikh Muhammad bin Abdul Wahhab walifunga mkataba 1744, upanga na mimbari vikatembea pamoja karne mbili kabla kisima cha Dammam namba 7 hakijatoa mafuta 1938. Kwahiyo mafuta yaliikuta ndoa tayari ipo yakaja kuilisha. Maulamaa wale walipewa mashule, mahakama, polisi wa dini, mpaka mwaka 2016 walipokuja kunyang'anywa uwezo wa kukamata watu.

Oman aliyeshinda ni yule ambaye hakuwa na mimbari. Sultani wa Maskati alikua mtu wa bandari, wenye elimu ya dini walikua upande wa pili wa mlima. Ndo maana serikali ya Oman kila siku iko makini sana na Ibadhi wenyewe kuliko hata Sunni wa siasa kali. Angalia 1994, wakakamatwa watu wa mrengo wa Ikhwani, yaani Udugu wa Kiislamu, chama cha siasa za Kisunni. Angalia 2005 sasa, wakakamatwa Waibadhi, wakiwemo wasomi, 31 wakafikishwa mahakamani kwa tuhuma za kutaka kupindua na kurudisha Uimamu, wakahukumiwa vifungo mpaka vya miaka 20, na baada ya muda mfupi Sultani akawasamehe wote Juni ya mwaka huohuo. Yaani karibu nusu karne baada ya Jabal Akhdar neno Imamu bado linafanya serikali isilale. Na ile kusamehe ni kawaida ya pale, Dhofar walisamehewa, hawa wakasamehewa, mtu anatoka jela anadaiwa fadhila na Sultani.

#10 Mpiga_Kasia

Mkuu naomba nikupinge kidogo. Naona unaupamba Uimamu. Shule ngapi walijenga hao Maimamu? Hospitali iko wapi? Watoto wakifa kwa ndui na macho yakipofuka, watumwa wapo, mwanamke hana habari. Qaboos aliwakuta gizani akawawashia taa na watu wa Oman wenyewe walimlia alipokufa 2020 kama baba yao. Mi naona kuchaguliwa siyo kila kitu.

#11 Mkunazini_Kwetu

Mpiga Kasia umesema kweli na sitakataa hata neno. Uimamu ulikua masikini, hauna hospitali, umejifungia na haukutaka redio wala mgeni. Utumwa ulikua bara na ulikua pwani, haukupigwa marufuku rasmi mpaka Qaboos alipoingia 1970, na sisi wazawa wa pwani hii ambao babu zetu wengine walipelekwa kule kwa majahazi hatuna sababu ya kulificha hilo. Na kilio cha Januari 2020 nilikiona, kilikua cha kweli.

Ila hoja yangu mimi siyo kwamba turudi Nizwa ya 1920. Naangalia kilichobadilishwa na kingine. Imamu alikua anachukua zaka kwa watu kwahiyo watu walikua na mdomo kwake. Sultani wa mafuta hakuchukua kitu kwa mtu, alitoa. Mtu anayepewa anashukuru, anayetoa chake anauliza. Baraza la Shura lipo toka 1991 na linapigiwa kura, lakini ulinzi, mambo ya nje na usalama havigusi, vyama vya siasa hakuna. Na hilo limekaa sawa miaka yote kwa sababu pipa lilikua linalipa. Swali ni pipa lisipolipa inakuaje, na hilo siyo la kufikirika, limeshatokea.

#12 Dereva_wa_Masafa

Hapo ndo nilikua nasubiri, shuka nayo mkuu.

#13 Mkunazini_Kwetu

2011 vijana walikaa barabarani Sohar, mji wa viwanda, wanataka kazi na wanataka mawaziri wala rushwa watoke. Tazama hawakumgusa Sultani, walikua wanamuomba Sultani. Jibu likatoka kwenye mafuta, ajira 50,000 zikaahidiwa, asiye na kazi riyali 150 kwa mwezi, mawaziri wakabadilishwa, na majirani wa Ghuba wakaahidi kuisaidia Oman dola bilioni 10 kwa miaka 10. Kipindi hichohicho Oman ikaruhusu benki za Kiislamu, ilikua ya mwisho Ghuba kufanya hivo, na benki ya kwanza ikapewa jina gani? Bank Nizwa. Mimi hilo silioni kama bahati nasibu.

2014 bei ikaporomoka. Deni la serikali lilikua chini ya asilimia 5 ya pato la taifa, kufika 2020 likawa karibu asilimia 70. Januari 10 mwaka huo Qaboos akafariki hana mtoto, kesho yake ukoo ukafungua barua aliyoiacha imefungwa, ndani jina la binamu yake Haitham bin Tariq, waziri wa urithi na utamaduni. Akala kiapo, akapewa baia. Halafu ikaja korona na bei ya mafuta ikaanguka kabisa, masikini wa Mungu hata hajakaa sawa kwenye kiti.

Haitham akafanya mambo ambayo Qaboos alikua anayaogopa. Januari 2021 akatoa Sheria Mama mpya, cheo cha mrithi wa kiti kikawekwa, mwanawe Theyazin, habari ya barua ikaisha. Aprili 2021 VAT asilimia 5 ikaanza. Ruzuku za umeme na maji zikaanza kupunguzwa. Mei ya mwaka huo Sohar wakatoka tena barabarani, na serikali ikatangaza nafasi za kazi tena. 2024 ukaanza mfuko mpya wa hifadhi ya jamii, kila mtoto riyali 10 kwa mwezi na kila mzee riyali 115, awe tajiri awe masikini. Deni nalo likateremka mpaka kama asilimia 35, bei ya mafuta baada ya vita ya Ukraine ilisaidia mno, tuseme ukweli.

Na Juni 2025 ikatoka ile ambayo hakuna nchi ya Ghuba iliyowahi kuthubutu, kodi ya mapato ya mtu binafsi, asilimia 5, kuanzia Januari 2028.

Kwa mtu wa dini hapa pana swali zito na siyo la Oman peke yake. Maulamaa wa zamani waliandika sana kuhusu mtawala kuchukua mali ya Mwislamu juu ya zaka, lini inajuzu, kwa sharti gani, na mengi ya masharti yao yanarudi palepale, hazina iwe tupu kweli, matumizi ya mtawala mwenyewe yawe yamepunguzwa kwanza, na pesa iende kwenye maslahi ya watu. Hiyo elimu Oman ipo, wanaisomesha. Mufti ni mtu mwenye heshima kubwa na kwenye Palestina anasema wazi kuliko serikali yake inavosema. Sasa siku kodi inaanza kukatwa kwenye mshahara, mtu wa Nizwa ambaye babu yake alimpa zaka Imamu aliyemchagua atauliza nini? Mimi naamini atauliza bajeti. Na serikali yenyewe naona inalijua hilo ndo maana imeanza na wachache wenye kipato kikubwa.

#14 Mjukuu_wa_Kisauni

Wenye kipato gani? Maana mie nina shemeji yuko Salalah anaendesha lori la maji, nimpigie simu nimpe pole ama vipi?

#15 Bint_Ruwi

Mjukuu usimtie shemeji yako presha bure. Kodi inaanzia kwa anayepata zaidi ya riyali 42,000 kwa mwaka, yaani 3,500 kwa mwezi, na inakatwa kwenye kile kilichozidi hapo tu. Mamlaka ya Kodi imesema asilimia 99 ya watu haitawagusa. Zaka uliyotoa inapunguzwa kwenye hesabu, sadaka pia, na gharama za masomo na matibabu. Kwahiyo hilo la dini kaka Mkunazini walilifikiria.

Lakini nakubaliana na wewe kwenye jengine. Hapa nyumbani kabla ya 2021 sikuwahi kusikia mtu akijadili pesa za serikali, tulikua tunasema Sultani katoa, Sultani kajenga. Sasa hivi kwenye kikundi chetu cha ukoo bajeti ya Januari ikitoka watu wanaitumiana usiku huohuo, wanakaa wanahesabu pipa limepigiwa dola ngapi, deni limebaki kiasi gani, na kaka yangu wa kwanza, ambaye yuko PDO na hiyo kodi itamfika, ndo anauliza maswali mengi kuliko wote.

#16 Mpiga_Kasia

Dada Bint Ruwi hapo kwenye zaka kupunguzwa naomba ufafanue kidogo ukipata nafasi. Inapunguzwa yote au kwa kiwango? Na anayeitoa mwenyewe kwa masikini wa jirani bila kupitia wizara inahesabiwa vipi?

#17 Bint_Ruwi

Kanuni za utekelezaji ndo zitasema hayo kinaganaga. Kaka nikikutana naye Ijumaa nitamuuliza wao kazini wameambiwaje, nitaleta hapahapa.